Florasi imegoma: dalili, sababu, na pa kuanzia kabla hujalaumu katalisti

Kama unasoma hii basi pengine flaski iko mbele yako saa hii na haijafanya vile pepa ilisema. Pole. Hizi ni shida ambazo nimeulizwa tena na tena na wanafunzi na mafundi wa maabara wa huku kwetu, Kisumu, Njoro, Kakamega, Eldoret, wengi wananitumia picha ya flaski kwa simu na swali moja tu, "mwalimu hii ni nini?" Nimezipanga kwa dalili, unaanza na ile sababu inapatikana sana na kitu cha kuangalia ambacho hakikugharimu chochote, ukikosa ndio unaingia ndani zaidi.

Kwa ambaye ameingizwa kwa hii kazi jana: mwaka 1994 Horváth na Rábai walionyesha kwenye jarida la Science kwamba solventi zilizojaa florini, ndizo tunaita florasi, hazipendi maji na pia hazipendi solventi za kawaida, zinakaa kando kama shemeji aliyekosewa kwa harusi. Sasa ukiipa katalisti yako (kile kinachoharakisha mmenyuko bila chenyewe kuisha) mikia mirefu ya kaboni na florini, nayo inahamia huko kwa tabaka la florasi. Unapasha moto tabaka mbili zinaungana, kazi (yaani mmenyuko) inafanyika, unapoza zinaachana, bidhaa inabaki juu na katalisti inabaki chini ikingoja raundi ingine. Baadaye Curran kule Pittsburgh akaleta njia nyepesi ya mkia mmoja na silika maalum, unga wa kutenganishia unaoshika mikia ya florini, na Gladysz akaonyesha kuna katalisti unaweza kutumia bila hata tone la solventi ya florasi. Hayo yote yanafanya kazi kweli. Yakikataa, mara nyingi shida si kemia, ni joto, ama ni tabaka hukuliangalia vizuri.

HAKUNA TABAKA MBILI, NI KITU KIMOJA TU

Hii ndiyo namba moja, na karibu kila mara inatoka Kisumu, si Nakuru.

Angalia kipimajoto kwanza. Sio cha ukutani, kile unaingiza ndani ya flaski. Heksani na perfloroheksani, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya FC-72, solventi ya florasi ya kununua, zinaungana kabisa kwa uwiano wowote ukishapita kama digrii 22.7 hivi. Pepa imeandika "joto la chumba" na mwandishi wake alikuwa Erlangen kule Ujerumani ama Pittsburgh kule Marekani, chumba kina digrii 20. Chumba chako saa nane mchana Kisumu, madirisha yanaangalia ziwa, feni imesimama juu stima imepotea, ni digrii 29. Hapo hutaona tabaka hata ukeshe.

Kuna kijana alinipigia amekata tamaa kabisa, "mwalimu katalisti imekufa, haijitengi, nimengoja saa mbili." Nikamwambia nenda nje kwa mama wa samaki umuombe barafu. Akadhani namtania. Akaenda, akarudi na karai la barafu linanuka mbuta, akaingiza flaski. Dakika chache tu ile solventi safi ikaanza kugeuka, kwanza ukungu mwembamba wa rangi ya samawati kama moshi wa sigara kwa jua, halafu ikawa nyeupe kama maziwa, halafu matone mazito yakaanza kushuka polepole kwa ukuta wa kioo yakakusanyika chini. Mstari ukajichora hapo katikati, safi. Katalisti ilikuwa mzima.

Watu wa Nakuru nao wana toleo lao la hii shida: asubuhi digrii 14 tabaka zinaonekana poa, mtu anaenda chai, akirudi saa saba jua limeingia ndani hakuna kitu. Si uchawi. Tenganisha asubuhi, ama tumia barafu.

Ukipoza na bado ni kitu kimoja, angalia umetumia solventi gani juu. Etha inachanganyika na florasi kupita kiasi, benzotrifloridi ndio kabisa maana kazi yake ni kuwa daraja, inayeyusha upande huu na ule. HFE-7100, solventi ingine ya florini, pia inachanganyika na solventi nyingi za kawaida, usidhani kwa vile ina florini itatenda kama FC-72. Hata mabaki tu ya THF (solventi ya kawaida) kutoka hatua iliyopita yanatosha kuharibu, kwa hivyo kausha bidhaa yako vizuri kabla ya kutenganisha. Dawa ambayo mimi naipenda ni kuachana na heksani kabisa, weka asetonitrili ama metanoli, hizo haziungani na FC-72 hata kwa joto la Kisumu, na ukiongeza matone machache ya maji kwa hiyo metanoli unaisukuma florasi nje zaidi.

Sababu ya mwisho, si ya kila siku: umeweka florasi kidogo mno. Hata chini ya lile joto la kuungana, kiasi fulani cha hii kinayeyuka kwa ile, na kama uliweka mililita moja kwa ishirini inaweza kuyeyuka yote ukaachwa ukitafuta.

Onyo dogo hapa: usifunge chupa ikiwa baridi ya barafu halafu uiache mezani. FC-72 inachemka digrii 56 tu kule pwani, ikipata joto ndani ya chupa iliyofungwa inasukuma kifuniko. Legeza.

NIMEPASHA MOTO LAKINI HAZIUNGANI

Hii ni kinyume cha ile ya kwanza, na hapa mwinuko wetu ndio unatuangusha.

Ile jozi maarufu ni perflorometilisaikloheksani na tolueni. Inaungana karibu digrii 89. Sasa fikiria: hiyo perfloro yenyewe inachemka digrii 76 ukiwa usawa wa bahari, na ikichanganywa na tolueni inachemka hata mapema. Halafu hatuko usawa wa bahari. Kisumu iko kama mita 1,130, Nakuru kama 1,850, maji yenyewe Nakuru yanachemka kwa digrii 94 hivi. Kwa hivyo unaweka kondensa, unapasha, inachemka, inachemka, na joto haliwezi kupanda hadi 89 hata ukiita mchungaji. Kioo kilicho wazi hakitafika. Si makosa yako.

Angalia tu: inachemka? Kipimajoto cha ndani kinasoma ngapi? Kama ni sabini na kitu na inachemka umepata jibu.

Njia rahisi ni kuongeza heksani. Mchanganyiko wa perflorometilisaikloheksani, heksani na tolueni kwa uwiano wa 3:3:1 unaungana karibu digrii 36 na nusu, hiyo hata beseni ya maji ya kuoga inafika. Watu wa Kisumu lakini mjue siku ya joto kali mko karibu sana na huo mpaka, mtahitaji barafu kurudisha tabaka. Njia ingine ni kuacha kung'ang'ania ziungane, kazi nyingi zinaenda tu kwenye mpaka wa tabaka mbili mradi unakoroga kisawasawa. Na hapo ndio shida ya pili inajificha: tabaka la florasi ni zito mno, limelala chini, kama sumaku yako ya kukoroga ni ndogo inazunguka ndani ya florasi pekee yake na juu kumetulia kama Ziwa Nakuru asubuhi. Simama uangalie kwa macho. Ukitaka ujue, weka kitone cha rangi inayoyeyuka kwa tolueni uone kama inatembea.

Njia ya tatu ni mrija wa kioo nene unaofungwa, uliotengenezwa kwa presha. Hapa nasema wazi: kama mrija hauna alama ya presha unayoweza kusoma, kama una mkwaruzo, kama huna ngao mbele yake, simama. Usitumie chupa ya dawa, usitumie mrija wa kawaida umeufunga na waya. Usijaze zaidi ya nusu. Kama hakuna mtu kwa maabara yako ameshawahi kutumia hiyo mirija, tafuta aliyewahi kabla hujawasha hita.

Wengine wanaenda kwa maikrowevu ya maabara wanashangaa haipandi joto. Solventi za florasi hazinyonyi hayo mawimbi, ni kama kupika hewa. Na kama ulitumia benzotrifloridi na ukaweka alumini kloridi ama asidi ingine kali ya Lewis, hiyo solventi yenyewe inashambuliwa, rangi ikigeuka ghafla jua umepika solventi.

BIDHAA IMEPOTEA, UZITO NI SIFURI

Nitaanza na aibu yangu. Mwaka wangu wa kwanza wa hii kazi nilitenganisha vizuri sana, nikafungua koki ya faneli, nikamwaga tabaka la chini kwa chupa ya taka kwa sababu kichwani chini ni maji, ama chini ni ile ya kutupa. Wiki mbili za kutengeneza ligandi (ile sehemu inayoshika chuma cha katalisti) zikaingia kwa taka na vipisi vya sigara vya mtu. Chini ilikuwa florasi.

Kwa hivyo kariri hii: FC-72 ina uzito wa gramu 1.68 kwa mililita, perflorometilisaikloheksani 1.79, perflorodekalini inapita 1.9, HFE-7100 ni 1.52. Zote zinakaa chini ya maji, na zile tatu za kwanza zinakaa chini ya diklorometeni pia, ambayo ni 1.33. Ukiwa na tabaka tatu, FC-72 na diklorometeni na maji, unasoma kutoka chini: florasi, diklorometeni, maji. Lakini ukibadilisha diklorometeni na ethili asetati, maji yanahamia katikati. Benzotrifloridi nayo ni 1.19, inazama kwa maji lakini kwa diklorometeni inachanganyika kabisa, haifanyi tabaka lake, hiyo ndiyo imechanganya wengi zaidi.

Hakuna tabaka linatupwa mpaka bidhaa ikae kwa mizani. Andika juu ya kila chupa. Ukishakosa bidhaa tafuta hivi: tabaka ulilobakisha, kisha tabaka lingine, kisha mtego wa rotavapu (mashine ya kuvukizia solventi) maana vitu vidogo vyenye florini nyingi vinaruka na solventi, kisha TLC (kibao chembamba cha silika cha kuonyesha vitu gani vipo). Na TLC usiamini taa ya UV pekee, mkia wa florini hauonekani hapo, paka pamanganeti ama weka kwa chupa ya ayodini.

EMALSHENI (TABAKA ZIMECHANGANYIKA KAMA MAZIWA) HAIISHI

Umetikisa kama mtu anatengeneza mursik. Mkia wa florini ukiwa na kichwa cha asidi ni sabuni kamili, yaani ndio ile familia ya vitu vinatengenezewa povu la kuzima moto. Geuza faneli polepole tu. Ikishatokea, iache nusu saa, weka chumvi iliyoyeyushwa hadi kukolea, poza kidogo, ama pitisha kwa selaiti (unga wa kuchujia). Kuna mashine ya kuzungusha? Dakika tano inaisha. Songa mbele.

KATALISTI INACHOKA KILA RAUNDI

Raundi ya kwanza poa, ya pili poa, ya nne unalia. Hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo watu wanajidanganya zaidi.

Kitu cha kwanza, unapima nini? Wengi wanapima mavuno baada ya saa ishirini na nne. Kama kazi ilimalizika kwa saa mbili, katalisti inaweza kuwa imepotea nusu na bado ukapata asilimia 98, halafu raundi ya tano inaanguka ghafla unadhani imekufa siku hiyo, kumbe ilikuwa inavuja tangu mwanzo. Chukua sampuli dakika ya kumi na ya ishirini kwa kila raundi, linganisha mwendo. Haikugharimu kitu.

Sasa sababu. Ya kawaida zaidi ni mikia haitoshi. Kanuni ya mkononi inasema molekyuli ikiwa na florini chini ya asilimia 60 ya uzito wake usiitegemee kukaa kwa tabaka la florasi. Piga hesabu na peni. Ligandi yenye mkia mmoja mfupi inakaa huku na huku, hiyo si ya tabaka mbili, ni ya silika. Na asilimia ndogo zinakula: kama 97 kwa mia ya katalisti inabaki chini kila raundi, baada ya raundi tano umebaki na kama 86. Ikibaki 99.7, baada ya raundi hizo tano una zaidi ya 98. Angalia kwa macho, tabaka la juu lina rangi? Rodi na paladi zina rangi, juu pakiwa manjano unaona pesa ikitoka. Kausha tabaka la juu kidogo upime kinachobaki.

Ya pili ni oksijeni. Watu hawajui hii: solventi za perfloro zinabeba gesi nyingi sana, mililita mia inaweza kushika kama mililita arobaini hadi hamsini za oksijeni, ndiyo maana kuna wakati zilijaribiwa kama badala ya damu. Umemwaga solventi kutoka chupa iliyokuwa wazi moja kwa moja juu ya fosfini (ligandi ya fosforasi), umeiua mwenyewe. NMR ya fosforasi (mashine ya sumaku inayosoma atomi za molekyuli) inaonyesha mara moja, kilele kinahama kabisa mahali pake kwenda pa oksidi. Ukipuliza naitrojeni ndani kutoa oksijeni inasaidia kiasi, lakini FC-72 inapaa na hiyo naitrojeni, unaanza na mililita kumi unabaki na sita. Bora kugandisha, kuvuta hewa, kuyeyusha, mara tatu.

Kwa kugandisha unahitaji naitrojeni ya kimiminika, na huku kwetu rafiki yako ni watu wa AI, ile ya ng'ombe, si ya kompyuta, ndio wanazo zile mitungi za kuhifadhi mbegu. Usiibebe kwa matatu wala kwa gari limefungwa vioo, ikivuja inakula hewa yote mnalala. Na onyo kubwa: ukiona kimiminika cha rangi ya samawati kwenye mtego uliopozwa na naitrojeni, hiyo ni oksijeni imegeuka kimiminika, inaweza kulipuka ikikutana na solventi. Usifunge, usiguse, usiondoe jagi la naitrojeni ghafla, toa watu chumbani na uite anayehusika na usalama wa maabara.

Ya tatu inafurahisha kidogo. Katalisti inakwama kwa sumaku ya kukoroga. Ile sumaku imevalishwa Teflon, na Teflon ni ndugu wa mikia yako, inaishika. Gladysz na wenzake waligeuza hii kuwa mbinu, wakapeleka na kurudisha katalisti ya rodi kwa kutumia utepe wa Teflon wa kawaida, ule fundi wa mabomba anazungusha kwa koki, unapata kwa hadweya yoyote. Lakini kwako wewe ambaye hukukusudia ni hasara. Jaribu hivi: toa sumaku baada ya kazi, isuuze kama kawaida, iweke kwa flaski mpya yenye malighafi bila katalisti. Kama kazi inaenda, mwizi umempata. Hiyo sumaku ioshe na benzotrifloridi ya moto, na usiitumie kwa majaribio ya kulinganisha.

Ya nne ngumu zaidi, katalisti uliyoweka siyo inayofanya kazi. Kwa paladi kwenye zile kazi za Heck, za kuunganisha kaboni na kaboni, hii imeonekana wazi, kile kitu chenye mikia kinavunjika polepole kinatoa chembe ndogo sana za chuma na hizo ndizo zinafanya kazi, mikia inabaki bure. Ukiona unga mweusi ukutani mwa flaski shuku hiyo. Chuja ikiwa moto katikati ya kazi uone kama kilichochujwa kinaendelea. Kuna pepa zitakwambia udondoshe zebaki kuhakikisha. Mimi sikushauri, chumba chenye feni moja na zebaki sakafuni ni shida kubwa kuliko jibu unalotafuta. Peleka sampuli kwa maabara yenye mashine ya kupima metali.

SILIKA YA FLORASI: VYOTE VINATOKA PAMOJA, AMA HAKUNA KINATOKA

Utaratibu kwa katriji (mrija mdogo uliojazwa silika) ya gramu mbili huwa hivi: unaiosha na solventi ya DMF mililita moja, unaipitishia metanoli na maji 80:20 mililita sita, unaweka sampuli ndani ya DMF mililita 0.4, unapitisha 80:20 mililita nane vile visivyo na mkia vitoke, kisha metanoli tupu mililita nane yenye mkia itoke.

Vyote vikitoka pamoja mwanzoni, jiulize umeyeyusha sampuli kwa nini. THF ama diklorometeni nyingi inabeba kila kitu mpaka chini hata silika haijapata nafasi ya kushika. Nimeona mtu ameweka mililita tatu za THF kwa katriji ya gramu mbili halafu analaumu silika. Tumia DMF, kidogo, isizidi kile kiasi. Pili, ile 80:20 ulipima na nini? Kama ni kwa macho kwa bika, pengine ni 90:10, na hapo mkia wa C6 (kaboni sita) unaanza kutembea. Tatu umejaza kupita kiasi, asilimia 5 hadi 10 ya uzito wa silika ndio mwisho. Nne mkia wako ni mfupi, C4 inashikwa vibaya, ongeza maji.

Na kuna sababu ambayo hakuna pepa inaandika: ile chupa si silika ya florasi. Mtu alijazia silika ya kawaida kwa chupa iliyoisha. Chukua kidogo kwa ncha ya kijiko nyunyiza juu ya glasi ya maji. Silika ya kawaida inalowa inazama. Ya florasi inaelea kama unga wa mahindi. Silika ya C18, yenye mikia mirefu isiyo na florini, pia inaelea, kwa hivyo kuelea pekee hakukuthibitishii ni florasi, lakini kuzama kunakuthibitishia si yenyewe.

Kama hakuna kinatoka hata kwa metanoli tupu, kitu chako kina mikia miwili ama mitatu, tumia THF ama asetoni. Hizo hizo ndizo unaoshea katriji ukimaliza, na usiitupe, inatumika tena mara kadhaa, na kwa vile tunavyongojea mizigo miezi mitatu itunze kama simu mpya.

Wanaotumia bati la Curran, yaani misombo ya bati yenye mikia ya florini, bati likibaki kwa bidhaa, rudia kusafisha na FC-72 mara tatu kwa kiasi kidogo badala ya mara moja kwa kingi. Misombo ya bati ni sumu, glavu hazivuliwi.

NMR INAONYESHA KARIBU HAKUNA KITU

Haijayeyuka, basi. Klorofomu yenye dutiriamu (haidrojeni nzito) haiyeyushi vitu vizito vya florasi. Changanya na heksaflorobenzini, ama tumia hiyo heksaflorobenzini na kapilari ya maji ya dutiriamu ndani ya mrija ili mashine ipate cha kushika. Kwa florini, tarajia ncha ya mkia CF3 karibu na −81 ppm na zile CF2 kati ya −113 na −126. Ukiona kilele kimoja tu chembamba pahali pengine kabisa, uliangalia solventi.

SOLVENTI INAISHA BILA KUTUMIKA

Nakuru FC-72 inachemka karibu digrii 50, Kisumu kama 52. Watu wanafuata jedwali la rotavapu lililoandikwa kwa usawa wa bahari, vakyumu ileile, beseni ileile, na solventi yote inapita kondensa ikaenda angani. Punguza vakyumu, beseni isipite 30, mtego wa barafu na chumvi uwe baada ya kondensa. FC-72 mara nyingi hata haihitaji vakyumu, ichemshe polepole uikusanye.

Si pesa tu. Perfloroheksani inakaa angani miaka elfu na zaidi, na kilo moja inashika joto kama tani tisa hivi za kaboni dioksidi. Na pia haitapatikana kirahisi, 3M walitangaza Desemba 2022 kwamba wataacha kutengeneza hii familia ya kemikali ifikapo mwisho wa 2025. Ile uliyonayo irudishe, ioshe, ikaushe na shanga za kukaushia maji za 4Å, itumie tena. Kama unaanza mradi mpya leo mimi ningekushauri uanze na silika ama katalisti inayoyeyuka kwa joto tu, na mkia wa C6 badala ya C8, kwa sababu C8 inaweza kuvunjika kuwa PFOA, sumu isiyooza, ambayo Mkataba wa Stockholm wa kemikali sumu zinazodumu uliiweka kwenye orodha mwaka 2019, na Kenya ni mwanachama.

MAHALI PA KUSIMAMA KABISA

Usikaushe solventi ya florasi na sodiamu wala potasiamu. Najua etha unaikausha hivyo. Hii inalipuka.

Usiichome, wala usiiweke karibu na moto wa wazi, wala usiiache ikauke kwa hita yenye waya mwekundu. Ikipita mamia ya digrii inatoa haidrojeni floridi na gesi zingine ambazo hutazinusa kwa wakati. Ukiona kioo kimekuwa na ukungu kwa ndani kama kimepigwa msasa, kuna floridi inatoka, zima joto, fungua hewa, toka. Ikigusa ngozi osha na maji mengi mara moja, paka jeli ya kalsiamu glukoneti, na uende hospitali hata kama hausikii uchungu, uchungu wa hiyo unakuja baadaye. Kama maabara yako haina hiyo jeli usianze kazi yoyote inayoweza kutoa hiyo asidi.

Taka ya florasi ina chupa yake pekee, kioo, imeandikwa, haichanganywi na klorini wala haimwagwi kwa sinki, maji ya sinki ya Kisumu unajua yanaishia wapi. Ikijaa muite mbebaji taka mwenye leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira, na umwambie wazi ni florini, asije akaipeleka kwa tanuru la kawaida la hospitali. Yangu iko rafu ya chini kabisa, kifuniko cha samawati, kwa sababu mwaka ule niliopoteza ligandi yangu chupa ya taka ilikuwa ya kila mtu, na ilikuwa kando ya mlango ambapo watu wanavutia sigara.